Klabu ya fowili Nakuru: nani aamue njiani, na tuvutane vipi bila kuuana?

Kijana wa Section 58

Habari zenu wadau. Sisi ni kikundi cha watu wa Nakuru tunaopenda kutoka na magari ya fowili, yaani yanayosukumwa na tairi zote nne, wikendi. Tulianza marafiki wa mtaa mmoja, Prado, Hilux na Defender ya zamani ya mjomba wangu. Tulikuwa tunapanda Menengai, tunazunguka Solai, au tunakwea hadi Mau Narok, tunakunywa chai na kurudi. Siku hizi tangazo likiingia WhatsApp, Jumapili asubuhi magari yamejaa petroli stesheni na nusu ya madereva siwajui hata kwa sura. Kuna Jimny, kuna Pajero, kuna Subaru zilizoinuliwa, na kuna wanaokuja na watoto wadogo kiti cha nyuma.

Mwezi uliopita mvua ilitukuta kule juu Mau Narok. Prado ikazama hadi ekseli. Jamaa mmoja mgeni akaleta Hilux yake, akafunga kamba kwenye kile kirungu cha chuma cha kuvutia trela, akasogea nyuma kidogo halafu akachomoka kwa nguvu. Kirungu kilikatika shingoni, kikaruka pamoja na kamba, kikapasua kioo cha mbele cha Prado na kuchimba kiti cha abiria pale mtu anapolaza kichwa. Abiria alikuwa ametoka kutafuta mawe ya kuweka chini ya tairi. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Sasa kikundi kimegawanyika. Wengine wanataka sheria, fomu na viongozi. Wengine wanasema tukianza mambo ya fomu raha itaisha, na kuna vijana wanaotaka twende porini kabisa kama yale mashindano ya magari ya Rhino Charge. Mimi ndiye katibu, na jambo likiharibika simu inapigwa kwangu. Waliowahi kuongoza klabu kama hii, nisaidieni. Nani anafaa kuamua mkiwa njiani? Vifaa gani ni vya lazima? Na mtu akiumia, mzigo ni wa nani?

Mzee wa Njoro

Poleni sana kijana wangu, na Mungu ashukuriwe kwa hayo mawe ya kuweka chini ya tairi. Nimeendesha na kuongoza misafara pande hizi miaka mingi. Nitaanza na kamba, kwa sababu gari likiteleza mara nyingi linapinda bampa tu, lakini kamba inaua.

Kamba ya kuvutia ile ya nailoni imetengenezwa inyumbuke. Gari likichomoka, kamba inarefuka, inakusanya nguvu yote ya mwendo ule, halafu inairudisha kwa gari lililokwama. Ni kamba nzuri. Lakini kitu chochote kikikatika upande wowote, nguvu yote hiyo inahamia kwenye kipande kilichokatika, na kipande kinafuata kamba. Kirungu cha trela kimepimwa kuvuta trela inayobingirika barabarani, hakikupimwa kwa mshtuko wa namna hiyo. Australia watu wameuawa hivyo hivyo, kirungu kikipita kioo. Kwa hiyo klabu yenu iwe na sheria moja isiyojadiliwa: hakuna kamba kwenye kirungu, awe ni mwenyekiti, awe ni mgeni.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Magari yetu mengi yamekuja Mombasa kwa meli kutoka Japani. Ukilala chini ya bampa utaona vitundu au vipete vya chuma chembamba. Vile ni vya kufungia gari lisicheze melini. Mtu anaviona, anadhani ni mahali pa kuvutia, anafunga, vinang'oka. Mahali pa kuvutia ni ndoano au bamba nene lililofungwa kwenye chesisi yenyewe, ile fremu ya chini ya gari, kwa bolti za kweli. Gari lisilo nalo mbele na nyuma, kwangu haliingii matopeni. Peleka kwa fundi kwanza.

Vile vifungo vya chuma vya umbo la U, nunueni vilivyopigwa muhuri wa uzito. Chenye muhuri wa tani 4.75 kinatosha kwa magari mnayotaja. Kisicho na muhuri kiacheni dukani hata kama kinang'aa. Na msiunganishe kamba mbili kwa chuma katikati, mnakuwa mmetengeneza kombeo.

Sasa utaratibu wenyewe. Gari likikwama, injini izimwe, watu wote watoke na waende mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na wasisimame kwenye mstari wa kuvuta. Wanaopiga picha ndio wabishi zaidi, hao wasimamiwe. Halafu chukueni sepetu. Nasema hivi kwa msisitizo: chimbeni kwanza. Toeni udongo mbele ya kila tairi na chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, punguzeni upepo wa tairi, mkiwa na mbao au mawe wekeni. Nimeona magari mengi yakitoka yenyewe baada ya kuchimbiwa vizuri, wakati wenye kamba wangali wanabishana. Ikibidi kuvuta, tandazeni blanketi zito au gunia lenye udongo kidogo katikati ya kamba, ili ikikatika ianguke chini. Fungueni boneti ya gari lililokwama kama linavutwa kwa mbele, ila dereva wake awe na nafasi ya kuona. Anayeongoza awe mmoja na sauti iwe moja. Madereva wawili wanamtazama yeye tu. Akiinua mkono, kila kitu kinasimama, bila kuuliza kwa nini.

Winchi, ile mashine ya gari ya kuvuta kwa waya, ina mambo yake: glovu za ngozi, usiruke waya uliokaza, na ukifunga kwenye mti tumia mkanda mpana. Waya ukiuzungusha mtini unakata gome pande zote na mti unakufa polepole. Msitu si wenu, uko chini ya KFS, Huduma ya Misitu Kenya, na kuingia ni kwa ruhusa.

Kuhusu upepo, msifuate namba moja kila mahali. Kwenye tope la Mau Narok mimi hushuka toka PSI 36 hadi 18 hivi. Lakini Menengai ndani ya kreta kuna mawe ya lava yaliyo makali kama chupa iliyopasuka. Tairi laini linatokeza ubavu, na ubavu ukikatwa haushoneki. Huko nabaki 26 au zaidi na natembea polepole. Kabla ya kurudi kwenye lami mjaze tena, kwa hiyo pampu ya umeme ni ya lazima, angalau mbili katika msafara. Na humo ndani mnapita barabara za GDC, kampuni ya serikali ya nishati ya mvuke wa ardhini, zilizokatwa kwa ajili ya visima vya mvuke. Malori makubwa yanapita. Ombeni ruhusa mapema, na msikaribie visima wala mabomba.

Uliuliza nani aamue. Kiongozi wa safari, mmoja, aliyetajwa siku mbili kabla. Kazi yake kubwa ni kusema "tunarudi". Kama hana uwezo wa kugeuza msafara mbele ya watu waliolipia mafuta yao na kuahidi watoto wao, basi si kiongozi. Mwenye gari anaweza kukataa kupita mahali na asichekwe. Lakini kiongozi akikataa, hakuna anayepita.

Gari la kiongozi linatangulia, gari lenye vifaa na dereva mzoefu linafunga mkia. Kila dereva anamlinda aliye nyuma yake: ukifika njia panda, unasubiri hadi umwone, ndipo unakata kona. Ukifuata hilo, hakuna anayepotea hata simu zikikosa mtandao. Redio za mkono zinasaidia sana, ila ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu leseni kabla ya kununua.

Kuhusu Rhino Charge, waelezeni vijana vizuri. Yale yalianza 1989 kuchangia ua wa umeme wa msitu wa Aberdare. Ni shindano la siku moja kwa mwaka, mahali palipokubaliwa na wenye ardhi, kwa magari yaliyojengwa na kukaguliwa kwa kazi hiyo. Prado yenye watoto nyuma haina biashara kama hiyo Jumapili mchana.

Mama Viazi, Mau Narok

Nimesoma na nimeona niseme kwa niaba yetu tunaoishi huko mnakokuja kutembea. Mimi nalima viazi na pareto, na nina ng'ombe wa maziwa. Mvua ikinyesha, udongo wetu unateleza na unakatika haraka. Kuna kikundi cha magari, sitakitaja, kilipita njia yetu mvua ikiwa imetoka tu kunyesha, wakarudia mlima mara kadhaa kwa furaha huku wakirekodiana. Waliacha mitaro miwili inayofika magotini. Mvua ya usiku ikateremka na mitaro hiyo ikaifanya mito. Asubuhi pikapu ya maziwa ikashindwa kupanda. Tulibeba mitungi mgongoni hadi barabarani, na mengine yakakataliwa kwa kuchelewa. Wao walikuwa wameshafika nyumbani na kuosha magari.

Sichukii wageni. Wanaopita vizuri tunawauzia viazi, karoti na chai, na wakikwama vijana wetu wanasaidia kusukuma. Ila mje kwa chifu au mzee wa nyumba kumi kabla, mseme mko wangapi na mnapita saa ngapi. Mvua ikiwa imenyesha jana, ahirisheni. Lango mkilikuta limefungwa mlifunge, mkilikuta wazi mliache wazi, maana mwenyewe ana sababu yake. Pembeni mwa njia ndipo viazi vilipo, msipanue njia kukwepa dimbwi.

Na jambo hili linaniuma sana: msiwarushie watoto peremende madirishani. Mnaona ni wema. Watoto sasa wakisikia injini kubwa wanakimbilia barabarani, na hawajui kutofautisha gari lenu na lori la ngano lisiloweza kusimama. Mkitaka kuwapa kitu, simameni shuleni, ongeeni na mwalimu.

Ajenti wa Kisumu

Mimi niko kwenye mambo ya bima na pia naendesha Land Cruiser kuukuu pande za Nyando. Ndugu katibu, swali la mzigo ni wa nani halijajibiwa, kwa hiyo nitalishika hilo.

Sajilini klabu kwa Msajili wa Vyama. Mkiwa watu 10 au zaidi, Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inawahusu. Muwe na katiba, mwenyekiti, mweka hazina, na akaunti isiyo simu ya mtu. Kila gari liwe na bima halali, kwa maana bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria chini ya Sura ya 405. Halafu kila mtu asome mkataba wake wa bima kubwa. Mikataba mingi haitaki kusikia mashindano wala majaribio ya mwendo. Andikeni barua kwa kampuni, mpate jibu la maandishi, msiridhike na "hakuna shida" ya simu.

Jihadharini na nauli. Kugawana mafuta na rafiki ni jambo moja, lakini mkianza kutangaza kiti kwa bei fulani, gari la binafsi linaanza kufanya kazi ya kubeba abiria na bima ina njia ya kuwakana. Na fomu ya "nakuja kwa hiari yangu" iwepo, ila msidhani inafuta uzembe. Faida yake kubwa ni zile namba za jamaa, kundi la damu na mzio wa dawa. Nakala moja ikae gari la kiongozi, nyingine kwa mtu aliyebaki mjini anayejua mnarudi saa ngapi.

Huku kwetu tatizo ni maji. Mto Nyando ukifurika, tambarare ya Kano yote inakuwa ziwa, na udongo mweusi unashika gari hadi jua lirudi. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kusukuma gari dogo, na 60 yanabeba hata gari kubwa. Maji yaliyotulia, mtu apime kwa fimbo kwanza. Yanayokwenda na huoni chini, geuzeni, hata bomba la kupandisha hewa ya injini juu ya maji halitawasaidia.

Kijana wa Section 58

Asanteni sana Mzee, Mama na ndugu wa Kisumu. Mama, ujumbe wako nimeuweka kwenye kikundi chote neno kwa neno, na peremende tumezipiga marufuku jana hiyo hiyo. Safari ijayo nitapanda peke yangu kwanza nimwone chifu.

Mzee, maswali mawili tu. Subaru zilizoinuliwa tuzikatae? Na huduma ya kwanza, tuna boksi la plasta na dawa ya maumivu, linatosha?

Mzee wa Njoro

Subaru msizikatae, zipeni safari zake. Nyingi hazina gia ndogo ya kushukia mlima, kwa hiyo dereva anategemea breki hadi zinanuka. Wekeni safari za daraja tatu: ya kwanza barabara ya vumbi, kila mtu aje na familia. Ya pili gia ndogo na mahali pa kuvutia ni lazima. Ya tatu matope na mawe, watu wazima tu na hakuna mgeni asiyepitia ya pili. Mgeni akijua daraja kabla ya kutoka nyumbani hakuna atakayeona ameonewa.

Boksi lenu halitoshi. Kwenye magari kinachoua haraka ni damu. Ongezeni bendeji pana za kukandamiza, mkanda wa kukaza mguu au mkono unaovuja sana, glovu, blanketi na mkasi wa kukata nguo. Zaidi ya boksi, watu wanne au watano wafunzwe. St John na Msalaba Mwekundu wanafundisha. Namba ya ambulensi ya Msalaba Mwekundu ni 1199, ibandikeni kwenye dashibodi ya kila gari. Na kabla ya kila safari, mkiwa bado petroli stesheni, semeni kwa sauti ni hospitali gani iko karibu na njia hiyo na ni gari gani litakalompeleka mgonjwa. Gari hilo lisiingie matopeni siku hiyo.