Je, manjano yanaweza kuzuia saratani isienee?

Mpwa, Nakuru: Ndugu zangu, shangazi yangu ana saratani ya titi na anapata tibakemikali Kisumu. Muuzaji mmoja wa mitishamba amempa unga wa manjano na pilipili manga, kijiko kimoja asubuhi na jioni, akimhakikishia kwamba utazuia ugonjwa usifike kwenye mifupa. Je, kuna ukweli wowote?

Mfamasia, Kisumu: Ukweli upo, ila umevutwa mno. Seli za saratani husambaa kwa kutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha tishu zilizozizunguka, zikapenya hadi kwenye damu na kuota kwingine, na ni kweli kwamba kurkumini iliyomo katika manjano imepunguza vimeng'enya hivyo kwenye seli zinazokuzwa maabara. Mtu akiila, hata hivyo, inayofika kwenye damu ni kidogo sana, kwa kuwa utumbo hauifyonzi vizuri na ini huibadilisha upesi. Pilipili manga huongeza ufyonzaji huo, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo, kwa maana piperini yake huweza kulizuia ini lisivunje dawa nyingine ipasavyo. Anatumia dawa gani?

Mwalimu wa bayolojia, Kakamega: Tusiidharau mimea, lakini. Vinkristini, wanayotibiwa nayo watoto wenye limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi za limfu ambayo imeenea sana huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria, ilitoka katika Catharanthus roseus, yale maua ya rangi ya waridi tunayopanda mbele ya nyumba (na asithubutu mtu kuyachemsha, kwani ni sumu). Katika miaka ya 1970, mti wa Maytenus ulivunwa kwa wingi Shimba Hills ili kupata maytansini, kemikali ya kuua seli za saratani, ambayo iliwadhuru wagonjwa kupita kiasi ikawekwa kando. Baadaye wanakemia waliunganisha kemikali ya jamii yake na kingamwili inayoipeleka moja kwa moja kwenye seli zenye HER2 nyingi (protini inayochochea baadhi ya saratani za titi kukua), na mwaka 2013 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa saratani ya titi iliyokwisha kusambaa. Kilichosaidia ni kipimo na njia ya kuifikisha. Unga wa kijiko hauna hata kimoja.

Mpwa, Nakuru: Nashukuru. Kadi yake imeandikwa paklitakseli. Pakiti ya unga haina maandishi yoyote.

Mfamasia, Kisumu: Paklitakseli nayo asili yake ni gome la mti, na huvunjwa na ini. Kwa hiyo asiendelee na unga huo kabla daktari wake hajauona; mwende na pakiti yenyewe kliniki. Manjano ya kawaida kwenye mchuzi hayana neno.