4294967297: programu inasema ni tasa, nikigawa kwa mkono inagawika

kichwangumu:
Wakuu naomba msaada, hii kitu inaninyima usingizi. Nimeandika kaprogramu ka kupima namba tasa kwa njia ya Fermat, yule mwanahisabati wa zamani, yani unachukua 2 unaipandisha kipeo cha n-1 halafu unagawa kwa n, baki ikiwa 1 unasema tasa. Nikakapa 4294967297 kakajibu tasa, nikafurahi weee, baadae nikakaa nagawa moja moja kwa kikokotoo kufika 641 ikaingia bila baki. Sasa nani muongo, mimi au Fermat?

baki_sifuri:
Hakuna muongo mkuu, ila kipimo chako kina tundu. Baki isipokuwa 1 hapo namba si tasa, hakuna mjadala, lakini ikiwa 1 bado hujajua kitu. Na umeokota namba mbaya kweli, hiyo ni 2^32+1, kwa hiyo 2^32 ukiigawa kwa n ni kama imebaki -1, zidisha yenyewe kwa yenyewe 2^64 inabaki 1, na n-1 ni 2^32 ambayo inagawika kwa 64, basi utapata 1 utake usitake. Toa 2 weka 3 uone, itakupa 3029026160.

mzee_wa_vigawo:
Fermat mwenyewe alinasa hapohapo bwana, aliamini namba za aina hii (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, halafu ongeza 1) zote ni tasa maana 3, 5, 17, 257 na 65537 ni tasa kweli. Mwanahisabati mwingine, Euler, akaja kuivunja hii yako mwaka 1732, ni 641 × 6700417. Na hukuwa na haja ya kuhangaika hivyo, alithibitisha kigawo tasa chochote cha hii namba lazima ukikigawa kwa 64 kibaki 1, kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu umefika.

kichwangumu:
Dah, na mi nimepita tasa zaidi ya mia 😭 hivi kuna namna ya kuiona hiyo 641 bila kikokotoo?

baki_sifuri:
Ipo, na tamu sana. 641 ni 5×2^7 + 1, na pia ni 5^4 + 2^4 (625 na 16, jumlisha mwenyewe). Kwa baki za 641, ile ya kwanza inasema 5×2^7 ni -1, ipandishe kipeo cha 4 unapata 5^4 × 2^28 ni 1. Ya pili inasema 5^4 ni -2^4, ichomeke hapo, inakuwa -2^32 ni 1. Yani 2^32 + 1 inabaki 0. Basi.

mpitanjia64:
Angalia na aina ya namba uliyotumia, kwenye biti 32 hiyo 4294967297 haienei, inageuka 1 kimyakimya, mi ilinipotezea jioni nzima.

kichwangumu:
Natumia 64 mkuu. Nimeweka 3, imetoka 3029026160 kweli! Ila sasa inaniambia 91 ni tasa, na 91 si 7 mara 13 jamani??