Tupeane uzoefu: Kupiga kura kwenye mji mdogo mnakojuana wote

Mpita Gulioni
Wakuu, juzi nimepita shule niliyosoma, nikaona mlango wa darasa la tatu bado una gundi ya karatasi ya matokeo. Nikarudi 2015 moja kwa moja. Mji wetu ni mamlaka ya mji mdogo, stendi moja, gulio Jumatano. Upande wa stendi vijana wote "mabadiliko", ukivuka mto kwa wazee ni kijani ya CCM hadi kwenye mabanda ya kuku. Nyumba yetu ndiyo ilikuwa mpaka: baba balozi wa nyumba kumi, kaka bodaboda, UKAWA wa damu, ule umoja wa vyama vya upinzani. Toka Agosti hadi Oktoba 25 tulikula kimyakimya. Kwenu ilikuwaje?

Mama Vitenge
Hivyo hivyo. Sisi hadi kikoba kilivunjika.

Mzee wa Jembe
Nyie mmeanza juzi. Sisi enzi za chama kimoja ubunge ulikuwa na wagombea wawili, mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Wakulima jembe ndio maisha yao, kwa hiyo aliyepewa nyumba alikuwa na kazi ya kueleza kwamba hata mwenye jembe jioni anarudi kulala ndani. Na msidhani kura ile haikuwa na meno: 1965 Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa Mwanza. Mji mdogo unamtazama mtu kwanza. Ulikuja msibani? Uliitikia salamu ulipopata gari?

Stendi Kuu
Shikamoo mzee. Lakini rais alikuwa mmoja, ndiyo au hapana. Hapo mlichagua nini?

Mzee wa Jembe
Marahaba. Nimesema ubunge, mwanangu. Soma tena.

Kura Moja
Naomba niseme kitu nilichokaa nacho toka 2010.

Kituo chetu kilikuwa kidogo na mwaka ule watu wengi hawakujitokeza. Usiku msimamizi akabandika karatasi, tukamulika kwa tochi za simu. Udiwani: wa kwanza 187, wa pili 1. Jamaa mmoja akapitisha kidole kwenye ule mstari mara mbili, akasema "moja". Watu wakanyamaza. Halafu sauti ikatoka nyuma: "Nani huyu?"

Hadi asubuhi walishachambua daftari zima kichwani. Fulani hawezi, fulani alikuwa mgonjwa, fulani mkwe wa diwani. Wakamfikia mama yangu, kwa sababu yule mgombea alipopita kampeni mama alimpa chai. Mama alikuwa na kadi ya chama cha mshindi tangu sijazaliwa! Wateja wakahama. Wiki ya pili nilimwona anamwaga sufuria nzima ya chai nyuma ya banda, taratibu, kama anamwagilia bustani. Kina mama wenzake wakaja kudai kadi yake. Akaapa kwa kaburi la babu.

Mimi nilikuwa pale pale, namenya viazi. Nina miaka 19, ndiyo kwanza nimepiga kura. Ile kura ilikuwa yangu. Sikufungua mdomo.

Mama alifariki 2018, sikumwambia.

Mama Vitenge
Pole mdogo wangu. Nimelia.

Fundi Redio
Hapana, hii haijakaa sawa. Kura moja siku zote ni ya wakala wa mgombea, anayemsimamia kituoni.

Kura Moja
Kwetu yule mgombea hakuwa na wakala. Na yeye mwenyewe alijiandikisha kijiji kingine.

Stendi Kuu
Fundi, mtu anaeleza habari ya mama yake, wewe unakagua fomu?

Mwalimu wa Kata
Hili ndilo ninalolisema kila mwaka. Kura ni siri, lakini kituo kidogo kikihesabiwa peke yake siri inakuwa ya jina tu. Masanduku ya vituo vidogo yangechanganywa kwanza.

Fundi Redio
Yachanganywe wapi? Njiani? Huko ndiko kura zinakoyeyukia. Zihesabiwe pale pale, karatasi ibandikwe mlangoni, kila mtu aone. Niliwahi kuwa wakala, najua ninachosema.

Mwalimu wa Kata
Na yule mama aliyemwaga chai?

Mamaa Kanga
Mimi ushauri wangu: pokea kanga, pokea chumvi, kura yako mpe unayemtaka. Kula kwao, kura kwako.

Mzee wa Jembe
Usipokee kabisa, binti. Takrima, hizo zawadi za wagombea, Mahakama Kuu iliibatilisha 2006. Ukishaivaa kanga yake, kijiji kizima kimeshakuhesabu.

Bodaboda Mstaafu
Mimi natangaza hadharani ninayempigia. Anayetaka kunisusa anisuse mapema.

Mpita Gulioni
Wewe una pikipiki, unahama kijiwe. Mwenye mgahawa atahamia wapi?

Mama Vitenge
Uchaguzi wa mitaa 2019 kwetu wala hatukufika huko. Mwenyekiti alipita bila kupingwa. Kichinjio changu, kadi ya kura, kikalala sandukuni.

Stendi Kuu
Kura Moja, na yule mgombea je? Alijua?

Kura Moja
Tulikutana stendi miaka kadhaa baadaye. Alinikumbuka, mtoto wa mama wa chai. Akaniuliza kama niliwahi kumjua mtu wake wa kule kwetu, alikuwa anataka tu kumpa mkono. Nikasema simjui. Akanipa mkono mimi, akapanda basi.