Puta ya maleti mbona siisikii mkononi?

WaRaskazone: Shikamooni wakuu, kwenye gofu nimeacha puta nyembamba (fimbo ya kusukumia mpira shimoni) nimechukua maleti, ile ya kichwa kikubwa, sasa naona kama nasukuma mpira tu, ule mguso siupati na puti ndefu (mapigo ya puta toka mbali) zote zinaishia njiani, ni mimi au fimbo?

Chumbageni: Marahaba mdogo wangu. Uzito wa maleti umetawanywa pembeni na nyuma, ndo maana ukikosa katikati kichwa hakipindi sana, kwa puti fupi mi siiachi kabisa. Ila laza shafti (mpini wake) kwenye kidole, uso wa kupigia ukitazama juu inataka mkono unaoenda moja kwa moja, ukizungusha utahangaika.

Mwana Tanga: Na masika hii grini (nyasi fupi zenye shimo) nzito, mpira unaenda polepole, vuta fimbo nyuma zaidi, usiongeze nguvu.

WaRaskazone: Nimeilaza, uso juu kweli! Kesho alfajiri nipo grini.