Tupeane uzoefu: nani alikufundisha kuandika habari, tangazo au taarifa kwa vyombo vya habari, na alikufundishaje?

Mwana Studio

Heshima kwenu wakuu.

Kila mwaka redio ninayofanyia kazi, huku Kanda ya Ziwa, inapokea vijana wa mafunzo kwa vitendo. Chuoni wamefundishwa vizuri. Maswali sita ya habari (nani, nini, lini, wapi, kwa nini, vipi) wanayajua, piramidi iliyogeuzwa, yaani la muhimu kwanza na madogo mwishoni, wanaichora bila kuangalia daftari. Lakini mpe kijana dakika moja aandike habari ya bei ya pamba: analeta sentensi moja ya mistari mitano yenye "ambapo" tatu, na msomaji wa taarifa anaishiwa pumzi kabla hajaifikia bei yenyewe.

Tangu Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zilipoleta sharti la stashahada, karibu kila anayeingia kazini amepitia chuo. Ni jambo jema. Ila wale waliofundishwa na dawati lenyewe, kazini chumba cha habari, wanastaafu mmoja mmoja, na mengi waliyoyajua hayakuandikwa popote. Ndiyo maana naomba tuyaweke hapa.

Naanza mimi. Mwalimu wangu alikuwa mtangazaji aliyeanza kazi enzi za RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam. Hakuwahi kunisahihishia karatasi. Alikuwa ananiambia, "Nisomee." Nikisoma, yeye amefumba macho. Nikifika mahali anafungua macho, ananirudisha: "Nani kasema hayo?" Kwenye gazeti unaweza kumaliza aya kwa "alisema Mkuu wa Wilaya", kwa sababu jicho la msomaji linaweza kurudi nyuma. Sikio halirudi. Redioni anayesema anatangulia, cheo kabla ya jina, halafu ndipo maneno yake.

La pili ni tarakimu. Taarifa ya halmashauri inasema Sh1,248,600,000. Yeye alitaka "takriban shilingi bilioni moja na robo", tena iandikwe kwa maneno, kwa sababu anayesoma saa kumi na mbili asubuhi hana muda wa kuhesabu sifuri. Na la tatu nimelikuta ni gumu kwa vijana wengi: Kiswahili chetu kinatumia "a-" kwa mwanamume, mwanamke, waziri na mshtakiwa. Habari ikiwa na watu wawili, "amesema" inamhusu nani? Rudia cheo. Msikilizaji hachoshwi na marudio hayo, anachoshwa na kubahatisha.

Haya, karibuni.

Kalamu ya Kisutu

Mkuu, umenikumbusha mbali. Mimi ni wa magazeti. Nilianza kama mwandishi wa kujitegemea Dar, unalipwa kwa habari iliyotoka, isipotoka nauli ni yako. Nikapangiwa mahakamani, Kisutu.

Aliyenifundisha ni mama mmoja mhariri. Jioni alivuta kiti, akanikalisha kando yake, akahariri habari yangu nikitazama skrini. Kila neno alilofuta alilitolea sababu kwa sauti. Sijui kama kuna darasa linaloshinda hilo. Siku hizi mwandishi anatuma kwa WhatsApp kutoka alipo, kesho anaona habari yake imebadilika na hajui kwa nini.

Habari ya mahakama inafundisha nidhamu kuliko habari yoyote. Mtu ni mshtakiwa mpaka hakimu aseme vinginevyo, hivyo "alivyoiba" lazima iwe "anavyodaiwa kuiba", hata kama mtaani kila mtu anamjua. Kesi imetajwa au imesikilizwa? Hayo ni mambo mawili tofauti, na mwandishi anayeyachanganya atampeleka ndugu wa mshtakiwa mahakamani siku ambayo hakuna shahidi atakayesimama. Dhamana imekataliwa, au masharti hayajatimizwa? Jina la hakimu, la wakili wa Serikali, kifungu cha sheria, tarehe ya kurudi. Mama yule alikuwa anavitafuta hivyo kwanza, kabla hajagusa lugha.

Na vichwa vya habari. Vina sarufi yake: Bunge lapitisha, Serikali yaonya, Simba yatinga fainali. Kila mtu anaiiga hiyo. Kanuni yake yeye ilikuwa kwamba kitenzi kilichoko kwenye kichwa lazima kiwe na ushahidi ndani ya aya mbili za mwanzo. Ukiandika "yaonya", nionyeshe onyo liko wapi na limetoka kwa nani. Nikiona vichwa vya mitandaoni leo, ambapo ukifungua ndani humkuti aliyetajwa juu, nasikitika kweli, kwa sababu msomaji akidanganywa hivyo mara kadhaa anaacha kuamini hata habari ya mafuriko.

Shiro wa Kandokando

Hamjambo. Niko Nairobi, nimefanya kazi za matangazo ya biashara kwa miaka mingi, hasa ya redio.

Huku kazi inakuja ikiwa imeshaandikwa kwa Kiingereza, mteja ameshaikubali, halafu mtu anakuja kwa meza yako: "Tuwekee Kiswahili, ya Kenya na ya Tanzania." Bosi wangu wa kwanza, mzee wa kutoka Mombasa, alikuwa na dawa moja. Aliichukua ile karatasi ya Kiingereza akaifungia kwa droo. Kisha anakuuliza: hii bidhaa inamtatulia nani shida gani? Mjibu kwa mdomo, kwa Kiswahili, vile ungemwambia shangazi yako. Hapo ndipo unaruhusiwa kuandika. Tangazo likianzia kwa mdomo linakuwa na mwendo wa mtu anayeongea, likianzia kwa ile karatasi unasikia kabisa ni la kutafsiriwa.

Jambo lingine ni saa. Sekunde 30 za Kiswahili zinabeba maneno 60 hivi, kama unataka msomaji asikimbizane. Maneno yetu ni marefu, "tunawahakikishia" peke yake ina silabi nane. Kutoka hayo 60 punguza jina la kampuni mara mbili, punguza namba ya simu, punguza "vigezo na masharti kuzingatiwa" kwa wenzetu wa Tanzania, na umebaki na nafasi ya wazo moja tu. Wateja wanaleta matano. Kazi yetu kubwa ni kumshawishi mteja aache manne, na hiyo haifundishwi chuoni. Angalia Safaricom mwaka 2017 walipokuja na "Twaweza": neno moja tu, na ndani yake kuna mtenda, kitendo na watu wote wa nchi. Au "Bia yangu, nchi yangu" ya Tusker. Hakuna kilichobaki cha kupunguza.

Sheng, ile lugha ya vijana wa mitaa ya Nairobi, ni mjadala. Mimi naitumia pale msemaji kwa tangazo ni kijana wa mtaa fulani na ningemsikia akiongea hivyo. Nikiiweka tu ili benki ionekane changa, vijana wenyewe wanaikataa siku hiyohiyo.

Mama Skripti

Dada Shiro, hilo la kuanzia mdomoni ni kweli tupu. Mimi nimeandika vipindi vifupi vya afya vya redio, hapa Tanzania.

Waliotutangulia walituachia shule kubwa. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulipoanza Radio Tanzania mwaka 1993, elimu ya uzazi wa mpango na UKIMWI haikuletwa na daktari anayehutubia. Ililetwa na watu kama Mkwaju, dereva wa lori, ambaye wasikilizaji walimfuatilia, wakamkasirikia, na wakaona mwenendo wake unamfikisha wapi. Baadaye ikaja kampeni ya Fataki, kuhusu watu wazima wanaowarubuni wanafunzi wa kike. Jina lile lilitoka redioni likaingia kwenye daladala: mzee akimnyemelea binti, abiria wanamwita fataki mbele ya watu. Ni matangazo machache sana yanayompa raia silaha ya kutumia palepale.

Uzoefu wangu: skripti haimalizikii ofisini. Tuliipeleka kijiweni, tukawasomea bodaboda na mama lishe, halafu tukawaomba watusimulie walichosikia. Hatukuwauliza kama wameipenda, maana watu wetu wana adabu, watakuambia nzuri. Wakikusimulia, unapata ukweli. Kuna skripti ya chandarua ambayo kila aliyeisikia alisimulia ugomvi wa wifi na mawifi, chandarua hakuna aliyekitaja. Tukaandika upya ugomvi uwe juu ya chandarua chenyewe.

Afisa wa Halmashauri

Naomba niongee kwa upande wa uhusiano wa umma, upande ambao waandishi wanaulalamikia.

Taarifa zetu zinajulikana: aya ya kwanza mgeni rasmi na vyeo vyake vyote, ya pili salamu zake, ya tatu pongezi kwa viongozi, kisima kilichozinduliwa kinatokea mwishoni. Mwandishi mmoja wa redio alikuwa ananipigia kila nikituma. Halalamiki, anauliza tu: kisima kiko kijiji gani? Kinahudumia kaya ngapi? Kabla ya hapo walikuwa wanachota wapi? Kimegharimu nini, fedha za nani? Baada ya muda nikawa nayajibu maswali yake kabla hajapiga, na hayo majibu ndiyo yakawa aya yangu ya kwanza.

Wakubwa je? Hilo ndilo gumu, wenzangu mnalijua. Mkurugenzi akiona jina la mgeni rasmi limeshuka anashtuka. Mimi nilimwonyesha taarifa mbili zilivyotumika: ile ya kisima kwanza ilisomwa karibu yote, ile ya vyeo ilikatwa ikabaki mstari. Tukakubaliana kiongozi akae aya ya pili na kwenye maelezo ya picha. Pia naambatanisha sauti yake fupi kwa ajili ya redio, na sauti ya mwananchi mmoja wa pale kisimani. Natuma mapema mchana, kwa sababu magazeti yanafunga kurasa jioni. Na namba yangu inapokelewa, hata siku ya habari mbaya. Afisa habari anayepatikana kwenye uzinduzi tu na kuzima simu kwenye mgogoro wa ardhi anaiumiza ofisi yake.

Ndugu wa Goma

Jambo ndugu zangu. Mimi niko Kongo, redio ya mtaa. Huku tulikua tukisikiliza Radio Okapi tangu 2002, wanatangaza kwa Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo, na wengi wetu tulijifunza kazi kwa kuwasikiliza.

Kwetu neno moja la redio linaweza kuhamisha mtaa mzima. Watu wanabeba watoto na magodoro kwa sababu ya habari ya dakika moja. Kwa hiyo mkuu wetu alitufundisha kuandika kwanza orodha ya vitu vitatu: tulichokiona sisi, tulichoambiwa na nani, na kisichojulikana bado. Kisha vyote vitatu vinasomwa hewani, na kile cha tatu pia. "Mpaka sasa hatujathibitisha kama barabara imefungwa." Sentensi hiyo imesaidia watu kuliko habari nyingi za haraka. Na matangazo ya jeshi yanakuja kwa Kifaransa chenye maneno makubwa. Tunayaandika upya kwa Kiswahili cha soko la Virunga, lakini tunaweka wazi kwamba ni jeshi limesema.

Mwana wa Nyegezi

Nashukuru sana wakubwa. Nipo mwaka wa pili chuoni, sina mtu kwenye chombo chochote cha habari. Nafanyaje mazoezi?

Mwana Studio

Mdogo wangu, nenda kwenye mkutano wa mtaa wenu ujao, wa maji, wa shule, wowote. Tukio moja liandike mara nne: habari ya gazeti maneno 300, ya redio sekunde 40, tangazo la sekunde 30 la kuita watu kwenye mkutano unaofuata, na taarifa ya ukurasa mmoja kana kwamba wewe ni afisa habari wa mtaa. Utaona mwenyewe jambo linaloongoza kwenye moja linavyoshuka kwenye nyingine. Fuata alichosema ndugu wa Goma, anza na orodha yake ya vitu vitatu.

Ile ya redio irekodi kwa simu uiweke hapa pamoja na skripti. Nitaisikiliza nikitoka zamu, na Mama Skripti akipata nafasi naye aisikilize.