Naombeni ushauri: niendelee vipi na Nagona?

Habari zenu ndugu wapenda vitabu. Sasa hivi ninasoma Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi (1990), na nimekwama katikati. Nilimpenda mwandishi huyu tangu Rosa Mistika na Kichwamaji, ambako visa vinakwenda moja kwa moja na wahusika unawaona kama majirani zako. Humu ni ulimwengu mwingine: msimuliaji anasafiri, ndoto na uhalisi vinaingiliana, huwezi kujua ni wapi wala lini. Lugha yake ni tamu mno, baadhi ya aya nimezisoma kwa sauti kwa raha tu, ila nikifunga kitabu siwezi kumsimulia mtu kisa chenyewe. Na ni kitabu chembamba!

Nimejaribu kurudi mwanzo na kuandika pembeni kila taswira inayojirudia. Imesaidia kidogo, lakini uzi bado unanipotea.

Mliokisoma, je, nikimalize kwanza bila kusaka maana ya kila kitu, au nitafute uhakiki wake kabla ya kuendelea? Na Mzingile (1991), riwaya yake iliyofuata, inafungua mafumbo ya hiki, au inayazidisha? Ninayo tayari, nasubiri neno lenu.