Naomba ushauri: DVD ya kupogoa zabibu, mtu arudie hatua kwa urahisi

Habarini wakuu. Nipo Dodoma, natengeneza DVD ya kufundisha wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi kupogoa. Wengi wataangalia kwa deki na rimoti, wengine ni wazee wetu. Pale mkasi unapokata juu ya jicho la tawi ndipo kila mtu anataka parudiwe, na kurudisha nyuma kwa rimoti kunapitiliza mno.

Natumia DVDStyler, programu ya kompyuta ya kutengeneza DVD. Nataka menyu yenye vitufe vikubwa, kimoja kwa kila hatua, na hatua ikiisha video irudi yenyewe kwenye menyu. Je, nikate kila hatua iwe video yake, au niache video moja yenye sura (chapters, yaani alama zinazoigawa video sehemu sehemu)? Nahofia kwa sura video haitasimama, itaendelea hadi hatua inayofuata. Aliyewahi kujaribu kwenye deki za bei rahisi anielekeze tafadhali, msimu wa kupogoa unakaribia.